Kapteni wa Nyambizi na Mashine ya Mokambo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na mke wangu asisikie neno hili. Ilikuwa Jumapili, misa imekwisha, na mimi nimeketi katikati ya baa ya Mama Feza pale Kenya, ile komini yetu ya Lubumbashi, shati jeupe limepigwa pasi, nawanunulia watu bia kama gavana aliyetoka kuapishwa jana.

Lakini ngoja kwanza nikuambie ni nani anayesema nawe, maana nasaha ya mtu asiye na kitu huingia sikio moja na kutokea la pili. Ukipita leo Kenya, ukapita Katuba, ukafika mpaka Kampemba, uliza mashine ya kusaga ya Papa Kazadi iko wapi. Watakuuliza, ile ya wapi? Kwa sababu ni nyingi. Malori yangu mawili unayajua, yale ya rangi ya kijani, yanaleta mahindi kutoka mpaka wa Zambia. Nyumba yangu ya Bel-Air ina ngazi ndani. Sijui kwa nini nilijenga ngazi, magoti yananilaumu kila asubuhi, lakini inapendeza. Na shule niliiacha nikiwa mwaka wa nne wa msingi, mwalimu akashukuru Mungu mbele ya darasa zima. Hivyo vyote nimevipata kwa mikono hii miwili na kwa neno moja nililoambiwa na mzee mmoja. Mikono nimekwisha kukuonyesha. Sasa sikiliza lile neno.

Wakati ule nilikuwa kijana wa baiskeli. Naenda Mokambo, mpakani na Zambia, narudi na unga, na chumvi, na sabuni, chochote ambacho Lubumbashi ilikuwa inakililia. Kwenda nilikuwa nadandia malori ya watu, baiskeli yangu imefungwa juu ya magunia na mimi nimefungwa pembeni yake. Na katika mtaa wetu wa Kenya mashine ya kusaga ilikuwa imekufa. Wamama walikuwa wanabeba mabeseni ya mahindi kichwani mpaka mitaa ya mbali, wanapanga foleni jua lote, wanarudi watoto wamekwisha kulala bila bukari, ugali wetu. Mimi niliona foleni ile nikasema moyoni, hapa ndipo Mungu ameniwekea kiti changu.

Na mashine niliijua iko wapi. Kule Mokambo, upande wetu wa mpaka, kulikuwa na mjane mmoja, Mubemba, wakimwita Bana Chanda, yaani mama yake Chanda. Mume wake, Bashi Chanda, alikuwa msagaji miaka mingi, akafariki, mashine ikabaki uani imefunikwa turubai. Nilimpigia magoti, tukasemezana, tukapatana. Akaniambia, "Nitakungoja mpaka Posho, mwana wandi." Posho kwetu ni Jumamosi, na mwana wandi ni mwanangu. Hakuna karatasi tuliyoandika. Neno lake lilikuwa karatasi. Nikarudi Lubumbashi kutafuta kilichopungua, na ili nikipate niliuza baiskeli. Umesikia? Baiskeli iliyonilisha niliiuza. Nikiikosa ile mashine, mimi nilikuwa nimebaki mtu wa miguu, sina cha mbele wala cha nyuma.

Sasa, wewe wa Lubumbashi unaijua desturi yetu. Mtu akipata kitu kipya, iwe viatu, iwe redio, iwe mtoto, sharti akiaroze. Akimwagilie bia, marafiki wanywe, ndipo kile kitu kitulie kwake kwa baraka. Usipoaroza viatu, watu wanasema vitakubana. Ni desturi nzuri, mimi siigombi hata leo. Ila Jumapili ile nilikuwa naaroza mashine ambayo ilikuwa bado Mokambo.

Wahenga walisema usikate kanzu mtoto hajazaliwa. Mimi kanzu nilikata, nikashona na kofia.

"Kazadi," wananiuliza, "hiyo mashine iko wapi, tuione?"

"Iko Mokambo, kwa mujane moja. Posho naenda kuitosha kule, niilete huku."

"Na huyo mujane anaiacha hivi hivi?"

"Yule mama hajue hata kile iko nayo," nikasema, na baa nzima inasikia. "Anaanika nguo juu yake. Minamupa bei ya mbuzi, ananiambia asante."

Walicheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote. Sasa kwenye kona alikuwa ameketi mtu mmoja tuliyemwita Do Kamyo. Alikuwa na lori moja na wivu wa lori la pili. Bia yangu aliinywa taratibu, hakusema kitu, hakucheka. Mwanangu, katika baa ukimwona mtu anakunywa bia yako na hacheki, jiulize anasikiliza nini.

Hapo ndipo alipoingia Papa Placide. Huyu alikuwa mzee wa mtaa, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, baba yake alikuja huku na reli. Siku zile alikuwa anatengeneza mbabula, yale majiko yetu ya mkaa, anakata mabati na kuyatoboa nyumbani kwake, tangtang, tangtang, kuanzia asubuhi. Nikampigia Mama Feza kidole: mletee mzee bia. Bia ikaja. Hakuigusa.

"Tunaaroza nini?" akauliza.

"Mashine ya kusaga, Papa."

"Iko wapi?"

"Iko Mokambo."

"Aa. Basi na miye nitakunywa Mokambo," akasema, akaisukuma ile chupa upande wangu. "Mama Feza, uniletee sukre."

Baa ikalipuka kwa kicheko. Mimi masikio yakawaka moto. Alipokwisha kunywa soda yake, akanishika mkono kama mtu anayemshika mbuzi, akanitoa nje mpaka kwenye uwanja wake wa mabati, akanikalisha juu ya kibao.

"Kaa hapa," akasema. "Nikuambie habari ya Mujerumani moja. Alikuwa mukali kuliko weye."

Papa Placide ujana wake aliutumia motoni. Kwanza alikuwa anatia makaa kwenye treni iliyokuwa inapeleka shaba yetu Lobito, kule Angola, ukingoni mwa bahari ya magharibi. Ikaja ile vita kubwa ya Wazungu, ya pili. Meli zilikuwa zinakosa watu wa makaa, na kijana aliyezoea tanuru la treni hafukuzwi na tanuru la meli. Akapanda. Alikuwa anasema, "Nilifuata shaba yetu mpaka ikanitia mu bahari."

Na ikamtia kweli. Siku chache baada ya kuiacha pwani, asubuhi, wakiwa wanakunywa chai, meli ilipigwa ubavuni na kitu ambacho hakuna aliyekiona. Papa Placide alikuwa juu anapunga hewa, ndiyo sababu alibaki kuwa babu wa watu. Alisema meli ya mbao au ya pamba ikipigwa inazama, lakini meli ya shaba haizami, inaanguka, kama jiwe lililoachwa na mkono. Waliopata kuruka waliruka. Wakajikuta katika mashua moja ndogo, mafuta usoni, wanaitazama bahari imefunga mdomo kama haikula kitu.

Ndipo pembeni yao maji yakavimba na kikatoka chuma, kirefu, cheusi, kinachuruzika. "Kama kiboko ya Lualaba," aliniambia, "ila kiboko hii ilikuwa na mulango." Ile ndiyo nyambizi, mwanangu, meli inayotembea chini ya maji. Mlango ukafunguka, akatoka kijana mwenye ndevu, sweta chafu, kofia nyeupe kichwani. Huyo alikuwa kapteni. Akawauliza kwa Kifaransa meli yao inaitwaje na ilikuwa imebeba nini. Wakamjibu. Akaandika. Akaamuru wapewe mkate na maji, akanyoosha kidole kuwaonyesha pwani iko wapi, maana vita ina watu wake na watu hao si wote wanyama.

Lakini kabla hajashuka, akasimama wima akawatajia jina lake. Jina kamili, na cheo, na idadi ya meli alizokwisha kuzamisha, na yao ndani. Kwenye mnara wa nyambizi alikuwa amechoresha vibendera vyeupe, kila meli na kibendera chake.

"Papa," nikamuuliza, "kwa nini alitaja jina?"

"Njo kile na sisi tulijiuliza. Mutu anakuzamisha, alafu anakuambia jina yake, ni kama utamutafuta umupe asante."

Waliokolewa. Walifika bandari moja ya Waingereza, na kwa sababu mtu wa makaa hakosi tanuru, Papa Placide alichukuliwa kwenye kimeli kidogo kilichokuwa zamani cha kuvulia samaki. Waingereza walikuwa wamekipa mzinga mmoja na mapipa ya baruti, kiwinde nyambizi. Ndani yake kulikuwa na kijana mmoja wa redio, mwembamba, ana mafua yasiyokwisha, anajua Kifaransa kwa sababu ya mama yake. Huyo ndiye aliyemweleza Papa Placide habari yote ya yule kapteni wa kofia nyeupe.

Mwanzoni, alisema, hakuna aliyemjua. Alikuwa anakuja, anapiga, anapotea. Ndani ya nyambizi yake watu walitembea na soksi. Vijiko vilifungwa vitambaa. Mpishi aliyeangusha sufuria alinyimwa chakula alichokipika mwenyewe. Meli zilikuwa zinapotea na wakubwa wa London wanagombana wenyewe kwa wenyewe, hawajui ni mtu mmoja au ni kumi. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na huyu alikula.

Halafu kwao wakamwita. Wakamvika nishani shingoni. Picha yake ikatoka kwenye magazeti, watoto wakafundishwa jina lake, wanawake wakamwandikia. Mwanangu, sifa ni kama lutuku, ile pombe yetu ya kienyeji: glasi ya kwanza unaishika wewe, ya pili inakushika yenyewe. Aliporudi baharini hakuwa tena mtu wa soksi. Kila jioni alikuwa anapanda juu ya maji na kutuma habari kwao kwa redio. Leo nimepiga moja. Leo nimepiga mbili, kubwa. Nakuja nyumbani, tayarisheni muziki.

Mimi nikamkatiza mzee. "Lakini Papa, wale Waingereza walisikia Kijerumani?"

"Hapana. Na alikuwa anasema kwa mafumbo, hata Mujerumani mwenzake hangesikia kitu."

"Sasa?"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia bati lililokatwa vibaya.

"Kazadi. Mulevi akiimba kwa nyumba ya jirani, na anaimba kwa luga ya kwao, weye utajua maneno?"

"Hapana."

"Na nyumba, utajua?"

"Nyumba, ndiyo."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Maneno alificha. Sauti hakuficha."

Kijana wa mafua alikuwa anasikiliza kutoka upande huu, mwenzake kwenye meli nyingine anasikiliza kutoka upande ule. Kila mmoja anapiga mstari kwenye ramani. Mistari ikikutana, Mjerumani yuko pale. Jioni baada ya jioni kapteni aliwaambia alipo, na kila jioni walimkaribia, mpaka asubuhi moja wakamkuta juu ya maji, anakausha blanketi. Akazama haraka. Wakamtupia mapipa ya baruti kulia na kushoto, bahari ikachemka kama sufuria ya maharagi, mpaka chuma kikapanda chenyewe na watu wakatoka mikono juu.

Wakawaokota wote. Papa Placide alipopanda kupata hewa, akamwona kapteni ameketi karibu na rundo la makaa, amefunikwa blanketi, hana kofia, hana viatu. Alimjua kwa zile ndevu. Akaenda jikoni akamletea chai, kwa sababu aliwahi kula mkate wa mtu huyu. Na unafikiri kapteni alisema nini? Akasema, "Mnajua mmemkamata nani?" Akaanza kutaja jina, na cheo, na idadi ya meli. Amelowa mpaka mifupa na bado anahesabu.

Yule kijana wa redio akapenga kamasi, akamjibu kwa upole kabisa. "Tunajua, Kapteni. Umekuwa unatuambia kila jioni."

Papa Placide alisema ile hesabu ya meli iliishia hapo. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaendelea kuangalia ndani ya kikombe.

"Mapipa ya baruti ilikuja nyuma tu," mzee akamaliza. "Mudomo njo ilimupiga."

Mimi kwa kiburi changu nikasema, "Basi alikuwa mujinga."

"Alikuwa fundi," akasema Papa Placide. "Njo sababu nakuambia weye. Kama ulikuwa mujinga ningekuacha unywe." Akachukua nyundo yake. "Kujisifu si zambi, Kazadi. Angejisifu kwao, meli imefungwa kamba, na muke wake anamupikia. Hakuna Mungereza angemukuta kwa meza yake."

Mdomo huponza kichwa, hilo nililijua tangu utoto, nililiimba shuleni kabla mwalimu hajanichoka. Lakini neno hulijui mpaka likukute. Nilirudi baa nikikimbia kunyamazisha watu, kana kwamba bia iliyokwisha kunywewa inarudi kwenye chupa. Nikaangalia kona. Kiti cha Do Kamyo kilikuwa tupu.

"Amekwenda wapi?" nikamuuliza Mama Feza.

"Ameenda kutia mafuta mu lori. Anasema iko na safari ya Mokambo."

Sikulala kwangu kama mtu, nililala kama gunia pale malori yanapopakia. Alfajiri nikadandia lori la kwanza lililokuwa linashika njia ya Sakania, ile inayopita Mokambo. Njia nzima wenzangu juu ya magunia wananiuliza, kijana unaenda kutafuta nini? Nawaambia naenda kusalimia. Nilikuwa nafikiri kunyamaza ni kazi ya bure, mwanangu. Jaribu uone. Ulimi unawasha kama umelamba pilipili.

Nilipofika Mokambo, kitu cha kwanza nilichokiona kwenye uwanja wa Bana Chanda kilikuwa lori. Do Kamyo ameketi kwenye kiti changu, kile nilichokalia tulipopatana, mbele yake chungu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Turubai limekwisha kuondolewa juu ya mashine. Bana Chanda yuko mlangoni, kitenge kimefungwa kifuani, mikono ameikunja.

"Mwaiseni," akaniambia, yaani karibu, lakini kwa sauti ya kumkaribisha mtoza kodi. "Kumbe weye njo unasema miye sijue kile niko nacho. Naanika nguo. Bei ya mbuzi."

Neno langu lilikuwa limenitangulia kwa lori. Nilimtazama Do Kamyo, akatabasamu ndani ya munkoyo wake. Pale, mwanangu, mdomo wangu ulikuwa na majibu saba. Ningeweza kukana. Ningeweza kumwita Do mwongo, na wakati ule nilikuwa fundi wa kuapa. Lakini nilimwona yule kapteni juu ya makaa, anataja jina lake kwa watu waliokwisha kulijua.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Nilisema."

Nikanyamaza. Na kwa kuwa mikono yangu haikuwa na cha kufanya, niliiendea mashine. Nikafungua tumbo lake, nikafuta vumbi, nikatoa makapi ya mahindi yaliyokuwa yameganda, nikageuza gurudumu kwa mkono nikisikiliza. Do Kamyo akaona kimya changu, akadhani ni kushindwa. Na mtu akidhani ameshinda, ulimi wake unavua viatu.

"Mama, huyu mutoto hana kitu," akasema. "Hata kinga hana, ameiuza." Kinga kwetu ni baiskeli. "Miye niko na lori hapa. Bei naongeza, taja weye mwenyewe. Leo leo tunaikata."

"Munaikata?" Bana Chanda akauliza.

"Ndiyo. Hii ni chuma ya zamani. Moteri natosha natia ku mashine yangu ya matofali. Ingine yote naenda kuuza ku bale banayeyusha chuma. Ni chuma muzuri, ya Wazungu. Usiogope, hapa hakuna kitu itabaki, tutasafisha uwanja wako yote."

Aliendelea. Alisema habari ya lori lake, habari ya matofali yake, habari ya ghorofa atakayojenga. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mimi sikumcheka, nililijua lile debe, lilikuwa langu Jumapili. Bana Chanda alikuwa hamwangalii tena. Alikuwa anaangalia mkono wangu unavyogeuza gurudumu. Chuma kilikuwa kinatoa sauti, khu, khu, kama mtu anayetaka kukohoa.

"Ilikuwa inakohoa vile asubuhi," akasema polepole. "Hii mashine na Bashi Chanda, haukujua nani iko anakohoa."

Akashuka kwenye kizingiti, akalichukua turubai, akalikunja.

"Do," akasema, "huyu alinitukana na bia mu kichwa. Weye unataka kukata mubwana yangu vipande, na haujakunywa hata munkoyo yako yote. Maliza, wende."

Do Kamyo akajaribu kucheka. Akajaribu kuongeza bei tena. Bana Chanda akaingia ndani akatoka na ufagio, akaanza kufagia pale alipokuwa ameweka miguu. Kwetu mgeni akifagiwa miguuni hahitaji kuambiwa mara ya pili. Lori likawaka.

Kisha akanigeukia mimi, na ufagio bado uko mkononi.

"Weye bado. Kwanza njoo hapa. Utaandika jina ku hii mashine."

Mwanangu, jina nilikuwa nimekwisha kulipanga. KAZADI ET FILS, yaani Kazadi na wanawe, herufi nyekundu, na mtoto hata mmoja nilikuwa sina. Nikasema, "Ndiyo, Mama, jina nitaandika kubwa."

"Utaandika BASHI CHANDA."

"Na jina yangu?"

"Yako utaandika ku mashine ya pili."

Nikakubali. Nakuambia ukweli, iliniuma kuliko kuuza baiskeli. Lakini nilikubali, nikamhesabia fedha tuliyopatana, nikapiga magoti, na yule mama akaniwekea mkono kichwani.

Nilitafuta lori la mtu aliyekuwa anapeleka mkaa Lubumbashi. Tukaipakia mashine katikati, tukaizungushia magunia ya mkaa, na juu yake nikaketi mimi, mweusi kama sufuria. Kila kizuizi wananiuliza, umebeba nini? Makaa, nasema, angalia meno yangu. Wanacheka, tunapita. Nilifika Kenya mchana, nikapitia uchochoro wa nyuma, nikaitua uani kwa shangazi yangu, na sikumwambia mtu. Nikaifunga kwenye saruji, nikaipaka mafuta, nikaandika lile jina. Siku niliyoiwasha, wamama walikuwa wanapita na mabeseni kwenda ile foleni ya mbali. Wakasikia khu, khu, kisha ngurumo. Wakasimama katikati ya njia. Mmoja akageuka, wa pili akageuka, na kabla ya saa sita uwanja wa shangazi ulikuwa mweupe kwa unga, kuku na mimi tumefanana.

Jumapili iliyofuata tuliaroza. Bana Chanda alikuja, Papa Placide alikuja, na bia yake aliinywa yote, kisha akaomba nyingine, akasema bia ya kitu kinachoonekana ni tamu. Do Kamyo naye alikuja, kwa sababu Lubumbashi hakuna mtu anayekosa bia kwa sababu ya ugomvi. Nilijisifu siku ile mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyenizuia, kwa kuwa mashine ilikuwa inanguruma nyuma yangu inanijibu ndiyo, ndiyo.

Na lile jina lilinifanyia kazi. Watu wakawa wanasema, tunaenda kusaga kwa Bashi Chanda, na mimi najibu salamu za marehemu. Uchungu huo ndio ulionifanya nitafute mashine ya pili upesi upesi. Pale niliandika KAZADI kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Ile ya kwanza bado iko Kenya, bado inakohoa, na jina la mwenyewe nalipaka rangi mpya kila inapofifia.

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu wiki hii kijana wetu mmoja amenionyesha kwenye simu yake picha ya lori. Amesimama mbele yake, miwani myeusi, maneno chini yanasema, Mungu ni mwema. Nikamuuliza, ni lako? Akasema, bado Papa, naenda kulilipia. Na ile picha ilikuwa imekwisha kuzunguka Kenya yote, Katuba yote, mpaka Kasumbalesa kule mpakani. Kapteni wa kofia nyeupe alikuwa na redio moja, ndani ya chuma, katikati ya bahari. Nyinyi kila mmoja analala nayo chini ya mto.

Basi nasaha yangu ni hii. Kazi ikiwa bado njiani, iache itembee na soksi. Usiwaambie watu siku, usiwaambie njia, na hasa usimdharau mbele za watu yule unayetaka kitu kwake, kwa maana dharau ina lori lake na inafika kabla yako. Ukikosea, usikane, kubali, halafu fanya kazi ya mikono mbele ya macho ya uliyemkosea. Mwenzako akiongea sana, mwache aongee. Na ukiombwa uweke jina la mwingine mbele ya lako, weka. Lako litapata mahali pake ukiwa hai na una nguvu. Sikukatazi kujisifu, ningekukataza kwa mdomo gani? Nakukataza kujisifu mapema.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia za Mokambo na za Kasumbalesa, akupe madereva wasiolala na matairi yasiyopasuka. Akupe wazee wa kukushika mkono kabla hujaanguka, na adui wanaoongea kuliko wewe. Bukari yako isikose mboga, mlango wako usikose mgeni, na siku utakayofika na kitu chako kizima mkononi, Mungu akupe watu wengi wa kukusikiliza, na mimi niwe mmoja wao, niketi mbele, nimeshika glasi.